Pete Tano Juu ya Chumvi

Mama, picha hii haikupigwa kwa jicho.
Nakwambia mapema, kabla hujaisogeza dirishani
kutafuta uso ndani yake.
Hamna uso. Hamna hata mwanga:
mle ndani ya tangi la chuma ni giza la kaburi
na baridi ambayo Malindi haijaipatia jina.

Kuna sindano.
Kwenye ncha yake tumeshikiza chembe mbili zilizokumbatiana,
kaboni na oksijeni, hewa ile ile ya jiko la mkaa
iliyotaka kutuua mwaka wa mvua kubwa
ulipofunga mlango na jiko likiwa ndani.
Hiyo hiyo, Mama. Safari hii ndiyo kidole chetu.

Na kidole hakigusi. Kinapita juu, karibu kugusa,
kama unavyopitisha kiganja juu ya paji la mtoto aliyelala
ujue homa imeshuka bila kumwamsha.
Kinakwenda mstari, kinarudi, kinashika mwingine,
kama wewe na reki yako kule Gongoni,
bwawa la nne, saa kumi na moja alfajiri,
usiruke hata shubiri
maana Msimamizi Chengo yuko juu ya tuta, anahesabu.

Usiku kucha kwa picha moja.
Lori likipita barabarani, imeharibika.
Nikikohoa, imeharibika.
Mara tatu nilianza upya huku nalia.

Na chini ya hizi pete, unajua kumetandikwa nini?
Chumvi.
Tabaka mbili za fuwele ya chumvi juu ya shaba,
nyembamba hata neno nyembamba ni nene.
Sodiamu, klorini, sodiamu, klorini,
safu safu kama wanafunzi gwarideni,
wala hakuna aliyezipigia filimbi.
Ndizo zilizokupasua visigino.
Ndizo zilizonilipia karo.

Hapo nikavuta pumzi.
Mama akaisogeza karatasi kwenye jicho la kushoto,
lile ambalo mtoto wa jicho bado hajalimaliza,
akapitisha kidole gumba juu ya pete tano
zilizobanana kama vyumba vya nyuki.
"Laini," akasema. "Hamna kitu."
Kisha: "Hiyo chumvi yenu mliitoa wapi?"

Kwenye chupa. Nilitia sahihi kuipokea.
Gramu kumi. Bei yake sikuitaja,
kwa kuwa yeye alilipwa kwa gunia,
na gunia lilikuwa kilo hamsini.

"Ina matope?"
Haina. Tukiona chembe moja ngeni tunaanza upya.
Akacheka mpaka Bi Umazi akachungulia uani.
"Basi mmeikwepa kazi yenyewe.
Kuvuna si kazi. Kazi ni kuitenga na matope."

Akairudia picha. "Na hiki kidudu, mbona kimetulia? Hakitelezi?"
Ni baridi, Mama. Kule kila kitu hutulia.
Ukikipasha moto kidogo tu, kinatangatanga,
leo hapa kesho pale, hakishikiki.

"Kama Katana," akasema,
akilitaja jina la baba yangu kwa mara ya kwanza
tangu aende Mokowe kwa kibarua cha bandari.

Tukanyamaza.
Nilitaka kumwambia kwamba usiku ule,
pete ya kwanza ilipojitokeza kwenye skrini, halafu ya pili,
sikumkumbuka profesa wala mtihani.
Nilinusa bwawa la nne,
yale maji mazito, mekundu, yanayochoma pua.
Lakini alikwishaingia jikoni kukoroga unga.

Ameibandika ukutani kwa uji mzito,
kati ya kalenda ya mwaka juzi na cheti changu cha ubatizo.
Ameiweka kichwa chini.
Niliinua mkono niigeuze, nikaurudisha.
Molekuli haina juu wala chini;
ni kale tu kamstari ka kipimo, nanomita moja,
ambako sasa kako pembeni juu, namba yake imepinduka,
na inzi ametua pale pale,
anasugua miguu.